Birika Lisilosuguliwa

Kwa mwaka mzima baba yangu alikunywa kahawa yangu na kusema ni nzuri, na kwa mwaka mzima alikuwa ananidanganya. Sikulijua hilo. Ningelijua mapema ningejipunguzia kazi, na kazi ndicho kitu pekee ambacho mwaka ule sikupungukiwa.

Tulikuwa tunakaa Musoma, katika nyumba ya walimu yenye vyumba viwili na jiko la nje, mahali ambapo upepo wa ziwa ulileta harufu ya dagaa waliotandazwa juani. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Asubuhi nilifundisha, mchana nilikwenda na watoto kwenye shamba la shule kupalilia pamba, na saa kumi nilifundisha kisomo cha watu wazima, akina mama walioshika chaki kwa nguvu zile zile za kushika mpini wa jembe, wakaivunja, wakaomba nyingine. Chaki zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Nikitoka hapo napita dukani kuuliza kama sukari imekuja, naambiwa haijaja, naenda nyumbani. Mume wangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda na alirudi Jumamosi akiwa na nyuzi nyeupe kwenye nyusi. Alikuwa amechoka na mimi nilikuwa nimechoka. Tuliheshimiana sana katika hilo.

Baba alikuwa mpishi. Kwa miaka mingi, tangu kabla ya Uhuru hadi baada ya Azimio, alimpikia daktari mmoja Mtaliano katika hospitali ndogo ya misheni upande wa Bunda. Daktari yule hakumgusa mgonjwa asubuhi kabla ya kunywa kikombe kidogo cha kahawa nyeusi, nzito, chungu, ambayo mwenyewe aliiita espreso. Hakuwa na mtambo mkubwa. Alikuwa na birika la alumini lenye sehemu tatu, la kukaa juu ya jiko. Chini unatia maji. Katikati kuna kikombe chenye matundu, humo unatia kahawa iliyosagwa. Juu kuna birika lenyewe, lenye mkono na mdomo. Unafunga kwa kuzungusha, na kati ya chini na juu kuna mpira wa duara unaozuia mvuke usitoroke. Maji yakichemka mvuke unayasukuma yapite kwenye kahawa na kupanda juu. Ni hayo tu. Baba aliliita mashine, kwa heshima, na sisi nyumbani tukaliita hivyo hivyo.

Daktari alipoondoka nchini alimwachia baba koti moja, saa ya mezani isiyotembea, na mashine. Baba akarudi nyumbani kwetu, upande wa Butiama, kwa mama na kwa ng'ombe wachache. Miaka sita baadaye mama akafa. Mwaka uliofuata watu wakahamishiwa kijiji kipya, nyumba zikiwa zimepangwa mstari mmoja mbele ya barabara, na mashine ikapanda lori ndani ya gunia, katikati ya majembe na jiwe la mama la kusagia ulezi. Walipofungua gunia mpira ulikuwa umekatika vipande vitatu. Baba akalifunga tena lile gunia.

Nilimkuta katika nyumba yake mpya amekonda. Huenda mtu akashangaa, mpishi anakondaje? Lakini baba alipika kwa mshahara, kwenye jiko la mzungu. Jiko la nyumbani lilikuwa la mama, na mama alipokufa hakukuwa na jiko tena. Alikula kwa majirani, siku ambazo majirani walimkumbuka. Nikamchukua, yeye na gunia lake na jiwe la mama, nikamleta Musoma.

Hapo aibu ikaanza. Kwetu mtu mzima hahamii kwa mume wa binti yake. Anakuja kusalimia, anakunywa maji, anaondoka jua bado liko juu. Mume wangu alisema, "Aje, ana nani mwingine?" na kwa neno hilo nilimsamehe mengi. Lakini kila Jumamosi baba na mume wangu walipishana mlangoni wakitazama chini, na kila siku ya wiki baba aliishi kwa masharti aliyojiwekea mwenyewe: haingii jikoni kwangu, hagusi chombo, hasemi chakula kimepungukiwa na kitu. Mtu aliyejua kukanda mkate wa maziwa alikaa barazani akila ugali wangu wenye mabonge na kusema, "Mzuri, mama." Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Hakuomba chochote. Hakuongea pia. Alikaa kwenye kiti cha kamba akitazama barabara, na nikirudi kutoka kazini namkuta pale pale, kama mtu anayesubiri basi lililokwishapita. Kisha siku moja, mwezi wake wa pili kwetu, akaniuliza akiangalia pembeni:

"Mama, ile mashine iko bado kwa gunia?"

"Ipo, baba."

"Haya. Nilikuwaga nauliza tu."

Nilijua hilo ndilo ombi. Halingekuja jingine. Nikaweka nia kwamba baba atakunywa kikombe kimoja cha kahawa kama ile ya daktari, hata kama nitaikamua kwa meno. Sikuwa na uwezo wa kumrudishia mama, wala nyumba yake ya zamani, wala ile heshima ya kutoka asubuhi kwenda kazini na aproni imepigwa pasi. Kahawa nilidhani naiweza.

Nilianza na mpira. Fundi baiskeli wa pale sokoni alinikatia duara kutoka kwenye tyubu ya lori, akaliangalia birika, akauliza linapika nini. Nikamwambia kahawa. Akacheka mpaka akaweka mkasi chini. Kahawa ya kwanza ilinukia kandambili mpya. Nikauchemsha ule mpira mara tano kwenye maji, nikauanika, nikauchemsha tena, na harufu ikapungua mpaka ikawa ya kandambili kuukuu.

Kahawa yenyewe niliipata kwa mwalimu mwenzangu wa Tarime, ambaye kwao wana migomba na kahawa na maneno mengi. Aliniletea mbegu mbichi kwenye mfuko ulioshonwa kwa vipande viwili vya khanga. Nilizikaanga kwenye kikaango, nikaziunguza. Nikakaanga nyingine, zikabaki na uchachu wa majani. Mara ya tatu nilisimama hapo bila kuondoa mkono, nikikoroga mpaka zikawa na rangi ya kiatu cha polisi, nikazimwaga kwenye ungo na kuzipepeta zipoe haraka. Niliziona zimependeza, nikamwonyesha baba kiganjani. Akachukua moja, akaitafuna, akasema nzuri.

Kisha nikazitwanga. Nilitwanga kama natwanga unga wa uji, laini kabisa, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyofundishwa kutwanga kitu chochote. Mashine ikakaa motoni ikinguruma bila kutoa kitu, ile vali ndogo ya pembeni ya kutolea mvuke ikapiga mluzi, na mimi nikakimbilia nje na kumwacha Mtaliano alipuke peke yake. Hakulipuka. Siku iliyofuata nilitwanga kwa haraka, chenga chenga, na maji yakapita humo bila hata kusalimia, nikapata kitu cha rangi ya chai ya hotelini. Nikaazima chekecheke. Niliendelea hivyo, siku laini zaidi, siku chenga zaidi, mpaka nikapata unga unaoshikika vidoleni kama chumvi nzuri. Hapo nikadhani nimefika.

Sikuwa nimefika. Ikawa chungu. Nikalaumu maji ya bomba, nikaanza kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Ikawa chungu bado. Nikalaumu moto, nikapunguza mkaa, nikautandaza, nikafunika majivu juu. Nilikuwa pia naishindilia kahawa kwenye kikombe chake kwa kijiko, kama mtu anayejaza gunia la pamba, nikaacha kushindilia. Kila badiliko lilisaidia kidogo, na kila badiliko liliiacha shida yenyewe pale pale: mashine ilitoa povu na mvuke kwenye maungio, ubavuni, ikilia kama paka, na kile kidogo kilichopanda juu kilikuwa kimeungua na kina ladha ya bati. Nikabadilisha mpira tena. Nikaweka miwili. Nikafunga kwa nguvu mpaka mkono ukachubuka.

Na kila jioni nilimpelekea baba kikombe. Alikipokea kwa mikono miwili. Alikinusa, akanywa funda moja polepole, akafumba macho.

"Nzuri, mama."

Nilikuwa narudi jikoni na kuchukua majivu na mchanga wa ziwani. Sabuni ilikuwa hadithi, ilikuja dukani kwa mwezi mara moja na kwa foleni. Nilikaa kwenye kigoda na kuisugua mashine ndani na nje. Ndani nilitoa ule utando wa kahawia. Nje nilitoa masizi. Nilisugua ukingo wa juu wa ile sehemu ya chini, mahali inapokutana na mpira, kwa sababu uchafu hupenda kukaa kwenye kingo. Kisha niliiweka kwenye kichanja uani, pamoja na sufuria, ikiwaka juani. Kwetu mwanamke hasomwi kwa maneno yake, anasomwa kwenye kichanja. Mpita njia anatazama sufuria zako na anajua kama mama yako alikulea au ulijilea. Hata kwa uchovu ule, hata siku nilizolala na vumbi la chaki kwenye nywele, vyombo vyangu viling'aa. Mama yangu asingeona haya kwa ajili yangu.

Jirani yangu, bibi mmoja mjane aliyeishi nyumba ya pili na aliyekuwa mwanafunzi wangu wa kisomo, alikuwa anasimama kwenye ua akitazama kile kibirika.

"Mwalimu, hii kitu yako inawakaga kama kioo," alikuwa ananiambia. "Unaisuguaga na nini?"

Nami nilijisikia vizuri. Siku nyingine hicho ndicho kilikuwa kitu pekee kilichonifanya nijisikie vizuri.

Sasa, siku ya papai. Ilikuwa Jumapili mchana, mume wangu amekwishapanda gari la kurudi Bunda. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mpapai mmoja ambao haukuwa wa mtu. Nilikwenda kuangua papai, nikaona udongo kwenye shina una weusi, na juu yake kuna nzi na harufu ninayoijua. Nikachutama. Nikachukua udongo kidoleni. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki mbili, na ule udongo ulikuwa tope. Pale palimwagwa kahawa siku nyingi, kikombe baada ya kikombe.

Sijui kama naweza kueleza hasira iliyonipata. Ningekuwa sijachoka ningecheka. Nilisimama nikahesabu mbegu nilizokaanga, maji niliyokinga, mkono uliochubuka, nikazunguka nyumba na papai mkononi, nikamsimamia baba kwenye kiti chake. Binti hasimamii baba yake hivyo. Nilisimama.

"Baba, kwa nini unanidanganya?"

Akanitazama, akatazama papai, akaelewa.

"Nisamehe, mama."

"Sitaki uniombe msamaha, sitaki nikusamehe, nataka uniambie! Ni mbaya, si ndiyo? Sema ni mbaya. Wewe ni mpishi. Umekaa hapo mwaka mzima unajua kosa liko wapi na unaniacha nahangaika kama mwendawazimu. Kila kitu unasema nzuri. Ugali nzuri, mchuzi nzuri, kahawa nzuri, unamwagia mpapai!"

Nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, mchana kweupe, barazani, mwalimu mzima, na papai nimelikumbatia. Sikulia kahawa. Nililia kwamba nilikuwa na mgeni ndani ya nyumba badala ya baba.

Aliniacha nilie. Kisha akasema, "Kaa chini."

Nikakaa kwenye ngazi ya baraza.

"Mama yako naye alisuguaga," akasema.

Sikuelewa.

"Ile mashine. Mwaka daktari aliondoka, niliileta nyumbani. Ikaja Krismasi, wageni wakaja, wanaume wenzangu, na mchungaji. Nikasema leo nitawaonyesha kahawa ya Mtaliano. Mama yako aliamka mapema akaisugua na mchanga ya mtoni, mpaka ikawa nyeupe. Alikuwa anataka nisipate aibu. Mashine ile haitaki kusuguliwa. Ndani inajitengenezaga ngozi yake, ya kahawa, ndiyo inazuia ile ladha ya bati. Na ule mdomo wake, pale inakaa mpira, ukiusugua na mchanga unakuwa na mikwaruzo, unapinda, mvuke unatoka. Daktari alinifundisha siku ya kwanza. Maji tu, na mkono. Mimi sikumfundisha mama yako. Sikusema hata neno moja. Halafu kahawa ikatoka mbaya mbele ya watu, na mimi nikapiga kelele. Nikamwita mjinga. Mbele ya watu wote."

Akakunja mikono magotini.

"Hakunijibu. Alichukua mashine akaiweka juu kabisa, darini. Unakumbuka ilikaaga juu?"

Nilikumbuka. Ilikaa kule darini juu ya moshi, na utando wa buibui, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Nilidhani ni kwa sababu ya thamani yake.

"Mama yako alikuwaga ananiuliza kila siku, chumvi imetosha? Tangu alipoolewa. Akinipa chakula anasimama hapo, anauliza, chumvi imetosha? Toka ile Krismasi hakuuliza tena. Nilikula chakula yake miaka sita bila kuulizwa. Mpaka akafa." Akapangusa mdomo kwa kiganja. "Sasa nimekuja kwako, kwa mkwe, nakuona unaisugua vile vile, umekaa kwa kigoda vile vile. Ningesemaje? Nilisema afadhali ninywe bati."

Ule uchovu wangu wote ulikaa pale kwenye ngazi pamoja nami. Mwishoni nilisema kitu cha kijinga, nikasema mpapai hauna kosa, na baba akacheka, sauti ndogo, ya kwanza tangu aje.

Kisha nikamwambia jambo ambalo nalishukuru mpaka leo. Nikamwambia, "Baba, chumvi imetosha kwenye ule mchuzi wa mchana?"

Akanigeukia.

"Ilizidi," akasema.

Kesho yake niliporudi kutoka kisomo alikuwa amesimama uani, si kwenye kiti. Akaniambia nilete jiko la mkaa nje, nilete na mashine na jiwe la mama la kusagia. Jikoni kwangu hakuingia, hakuingia mpaka mwisho, lakini uani palikuwa pa kila mtu, na kwa sheria hiyo ndogo aliyoitunga yeye tuliweza kupika pamoja. Alikaa chini kwa shida, akaweka lile jiwe katikati ya magoti. Lilikuwa jiwe bapa, limelika katikati kwa miaka ya mikono ya mama, lakini pembeni lilikuwa sawa kabisa. Akalimwagia maji, akaigeuza ile sehemu ya chini ya mashine mdomo chini, akaanza kuisukuma mbele na nyuma pale pembeni, taratibu, akiizungusha kidogo kila mara. Alipoiinua, ukingo ulikuwa na alama, mahali pengine unang'aa na pengine bado mweusi. Akaendelea. Ilichukua jioni mbili. Jioni ya pili ukingo wote uling'aa sawasawa, duara moja lisilokatika, na baba akapitisha kidole juu yake akiwa amefumba macho.

"Hii ndiyo mara ya mwisho inang'aa," akaniambia. "Umesikia?"

Kahawa ya kwanza tuliimwaga. Ya pili tuliimwaga. Ya tatu pia, ingawa moyo uliniuma, kwa sababu zilikuwa za kuipaka mashine ngozi tu. Mtu aliyeona tunamwaga kahawa mwaka ule angetushitaki kwa balozi wa nyumba kumi. Ya nne baba alipanga mkaa mwenyewe, pembeni pembeni, akauacha katikati wazi. Alitia maji ya moto tayari badala ya ya baridi, ili kahawa isikae motoni ikiungua huku ikisubiri. Alijaza kikombe cha matundu bila kukishindilia, akasawazisha kwa upande wa kisu, akapangusa ukingo kwa kidole. Aliacha kifuniko wazi ili aone. Tulikaa tunatazama. Haikulia. Ikaanza kupanda polepole, nzito, ya rangi ya asali nyeusi, na ilipoanza kubadilika kuwa nyeupe na kukohoa akaitoa motoni haraka na kuiweka kwenye sahani yenye maji.

Akamimina vikombe viwili. Chake akakinusa, akanywa.

Nilimtazama kuliko nilivyowahi kumtazama mtu.

"Umekaanga sana," akasema. "Mbegu. Zilitaka kutoka mapema kidogo."

Akakimaliza chote. Akanyoosha mkono aongezewe.

Baada ya siku hiyo hakuwahi kusema nzuri tena. Alisema moto ulikuwa mkali. Alisema maji hayakutosha. Alisema ugali wangu una mabonge, na kwamba amevumilia mabonge yale kwa muda mrefu kuliko alivyomvumilia Mtaliano. Hata mume wangu alianza kusemwa, kwa heshima, kwamba akirudi kutoka Bunda ajipanguse pamba kabla ya kukaa mezani, na mume wangu alifurahi kama aliyepandishwa cheo. Bado nilikuwa nachoka. Pamba ya shule ilikuwa pale pale, foleni zilikuwa pale pale, na chaki bado zilivunjika. Lakini saa kumi na mbili jioni nilikuwa na baba aliyenisubiri ili anikosoe, na hilo linapumzisha mtu kuliko godoro.

Mashine ikawa nyeusi. Kwanza kahawia, kisha nyeusi, nje kwa masizi na ndani kwa ngozi yake. Niliisuuza kwa maji na kiganja, nikaiweka kwenye kichanja katikati ya sufuria zilizong'aa, na hiyo ilinigharimu. Watu walitazama. Yule bibi jirani alisimama uani siku moja, akafungua mdomo, akaufunga, kwa kuwa mimi nilikuwa mwalimu wake na hakupenda kunivunjia heshima. Nilimwona akinihurumia. Alidhani nimeshindwa kazi.

Baba alifariki masika ya pili baada ya hapo, asubuhi, kwenye kiti chake cha kamba. Nilikuwa shuleni. Nilipofika watu walikwisha kujaa. Hayo mengine ni ya msiba wowote: wanaume waliketi nje wakipanga gari la kumpeleka Butiama, wanawake waliingia jikoni kwangu bila kuuliza, wakakoka moto, wakapika, wakaosha. Mwanamke aliyefiwa haoshi chombo. Anakaa kwenye mkeka na wenzake wanamfanyia kila kitu, na huo ndio upendo wetu, hatuna mwingine ulio mkubwa zaidi. Nilikaa kwenye mkeka. Nilisikia nje sauti ya mchanga kwenye bati, kwaru kwaru, muda mrefu, lakini ilikuwa sauti niliyoizoea maisha yangu yote na sikuitilia maanani.

Kabla ya gari kuondoka yule bibi jirani aliingia. Alipiga magoti mbele yangu na kunipa kitu kilichofunikwa kwa khanga. Nikafunua. Mashine ilikuwa nyeupe. Ndani nyeupe, nje nyeupe, ukingo mweupe wenye mikwaruzo midogo ya mchanga, inawaka kama siku ilipotoka dukani kwao Italia. Ilinukia sabuni. Nilikumbuka ile sabuni, kipande cha mche tulichosimamia foleni pamoja, mimi na yeye, kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Alikuwa amekitunza kwenye kitambaa ndani ya sanduku lake.

"Sabuni nimeimalizia yote," akasema. "Mwalimu, nilionaga hii kitu ya mzee imekuwa nyeusi, nikasema mwalimu amechoka, hana nguvu ya kusugua. Nikaona aibu chombo ya marehemu ibaki vile. Nimeisugua toka asubuhi." Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kupasuka kwenye kucha. Akanitazama usoni. "Imetakata?"

Nje walikuwa wanawasha gari. Nilipitisha kidole kwenye ukingo, polepole, nikafumba macho.

"Nzuri, mama," nikamwambia. "Nzuri sana."